Miguu Mirefu ya Gari la Mwalimu Asani

Ninyi vijana mnaokaa leo kwenye vibanda vya kwado, yaani fundi wa magurudumu, kuanzia Kasongo mpaka Kabambare, mmeniomba niandike namna sisi wa zamani tulivyoziba magurudumu ya watu. Haya, ninaandika. Lakini mjue kwanza kwamba mkono wangu umezoea chuma kuliko kalamu, na kwamba shule niliimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na watoto watatu, mmoja wao akiwa darasa moja mbele yangu. Alikuwa ananisaidia hesabu, tena kwa dharau. Kwa hiyo mkiona mahali nimechanganyikiwa, msifikiri ni uzee. Mengi nitakayoeleza, hata siku yalipotokea sikuyaelewa.

Habari ya nani alinilipa nini sitaigusa, maana haichekeshi. Nitasema tu kwamba nimeziba matundu mengi kuliko nywele za vichwa vyote vya Kasongo, wenye upara wakihesabiwa kwa nywele walizokuwa nazo ujanani. Mwaka huu magoti yalikataa kuchuchumaa, nikaweka vyuma chini.

Siku yangu ya kwanza, Mzee Abedi aliyenifundisha kazi alinipa beseni la maji na shambere ya baiskeli, ule mpira mwembamba wa ndani unaobeba upepo. Akaniambia nitafute tundu. Nikaivuta kutoka ndani ya pine, ule mpira mnene wa nje, kwa nguvu zote za ujana, nikaijaza upepo, nikaizamisha, nikatazama mapovu. Nikakuta matundu manne. Nilimkimbilia kama aliyeokota dhahabu. Mzee Abedi akaigeuza geuza shambere mkononi, akaniambia iliingia na moja, hayo matatu ni yangu, na leo nitajifunza kuziba manne.

Vyombo vyake vilikuwa vichache. Vyuma vitatu vya kufungulia pine, alivyovikata kwenye resori, yaani springi, ya lori lililokufa na kuvisugua mpaka ncha zikawa laini kama kijiko cha mtoto. Pistoni ya injini: unabana kipande cha mpira mbichi juu ya tundu, unaweka pistoni juu yake, unamimina petroli kidogo ndani ya pistoni, unawasha, na moto unaupika mpira mpaka ushikamane. Mzee Abedi alijua umeiva kwa kunusa, kama mama anavyojua sombe imeiva bila kufunua chungu. Halafu chaki. Kabla ya kuondoa shambere, ulipaswa kuchora alama kwenye pine mahali mdomo wa upepo unapotokea, ili tundu likipatikana kwenye shambere ujue sehemu ipi ya pine utafute kilicholifanya. Tundu halijizai, alisema, mtafute baba yake. Ukiziba mtoto ukamwacha baba, kesho utakuwa na mtoto mwingine.

Na alikuwa na sheria moja ambayo niliirithi kwake, nikawarithisha ninyi: hakuna pine bila shambere. Tulisikia kwamba ziko nchi ambako gari linatembea na pine tupu, upepo umefungwa kati ya mpira na janti, yaani rimu ya chuma, ndani hakuna kitu. Mzee Abedi alisikiliza habari hiyo kama habari ya kuku mwenye meno. Na alikuwa na sababu. Mawe ya njia zetu yanakunja chuma cha janti mpaka inafanana na sahani iliyokaliwa na tembo. Upepo utajifunga wapi? Kwa hiyo kila pine iliyopita mikononi mwetu, ya lori, ya pikipiki au ya toroli, tuliitia shambere. Hatukuiuliza inatoka wapi.

Kesi ngumu nilizipata. Mtu mmoja wa Nyangwe alikuja na baiskeli iliyobeba samaki wa Lualaba, kilo ngapi sijui, lakini baiskeli yenyewe ilikuwa inaomba msaada kwa sauti. Shambere zilimwishia njiani, akajaza majani makavu ndani ya pine na kuendelea. Mteremko ulikuwa mrefu, majani yakapata joto, akafika kwangu moshi unatoka gurudumu la nyuma. Aliwauza wale samaki kama waliokaushwa mara mbili. Mimi nilizima moto kwa beseni langu la kazi, na siku tatu kila shambere niliyoziba ilinuka kambale.

Lakini kesi iliyonivuruga kichwa kuliko zote ilikuja karibu na mwisho, nikiwa tayari nadhani nimeona yote. Ililetwa na Mwalimu Asani. Wengi wenu aliwafundisha hesabu shule ya msingi, na masikio yenu yanamkumbuka. Alipopumzika kazi alinunua basi dogo la Kijapani, kuukuu, akang'oa viti vyote, akatia kitanda cha mbao chenye godoro, rafu ya sufuria, mbabula ya makaa, pipa dogo la maji na pazia la kitenge. Watu walisema Mwalimu amegombana na nyumba yake ndiyo maana amehamia garini. Kumbe sababu ilikuwa mke wake, Mama Feza.

Mama Feza aliteleza mtoni akiwa na beseni la nguo kichwani, akavunjika nyonga, na mfupa ukaungana vibaya. Kutembea alitembea, hatua za kuhesabika, kwa fimbo. Kupanda pikipiki hakuweza kabisa. Na kwao ni Wamaza, na Wamaza huendi ila kwa pikipiki au kwa mguu. Huko alibaki dada yake mkubwa, Yaya Nyota, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Miaka tisa hawakuonana. Walitumiana salamu kwa watu wa pikipiki, na mtu wa pikipiki mnamjua, hubeba salamu kama anavyobeba mayai: zinafika, lakini si zote. Halafu ikafika salamu moja nzima, bila ufa. Yaya Nyota anaishiwa nguvu, anataka kumwona mdogo wake kabla mvua haijafunga njia, kwa sababu mvua nyingine hana hakika nayo.

Ndipo Mwalimu akatengeneza lile gari, ili mke wake asafiri amelala. Akajaribu mara moja. Hawakufika mbali. Malori yamechimba mifereji miwili njiani, na katikati limebaki tuta gumu kama mgongo wa kiboko. Gari likakaa juu ya tuta kwa tumbo, magurudumu yake madogo yanazunguka hewani kama miguu ya kobe aliyepinduliwa. Watu ishirini walilisukuma kulitoa. Kesho yake akalisimamisha mbele ya kibanda changu.

Akanieleza kwamba gari lake tumbo lake liko chini sana, anataka nilitie miguu mirefu, na zimebaki wiki mbili hivi kabla ya mvua. Sauti ikatoka nyuma ya pazia la kitenge: "Mwambie pia iko na bwana mwenye kichwa kigumu. Sijui kama hicho nacho anaziba."

Hapo ndipo nilipojua kwamba Mama Feza yumo ndani.

Magurudumu niliyajua yalipo. Salamabila kulikuwa na gari la wachimbaji lililokufa injini, limekaa nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja, na pine zake nne bado nene, zina meno ya mamba, karibu mpya. Janti zake zilikuwa na matundu sita ya buloni za kukazia, sawa na zile za basi la Mwalimu. Nilipima kwa kijiti kutoka tundu hadi tundu, na tundu kubwa la katikati pia. Vijana, pimeni kwa kijiti, msipime kwa macho. Macho yanapenda kukubali. Mtu wa pikipiki alizileta zote nne, mbili huku, mbili kule, yeye katikati haonekani. Kwa mbali ungesema magurudumu yamechoka kungoja gari, yamekuja yenyewe.

Nilipozifungua nikakuta ndani tupu. Hakuna shambere hata moja. Nilicheka sana. Nikamwambia Mwalimu kwamba wamemwibia shambere nne, kiisha wakafunga pine tena vizuri kabisa, ndio wezi wenye adabu. Mwalimu akatikisa kichwa, akatoa somo fupi juu ya maadili mahali penye dhahabu. Nikanunua shambere nne mpya, nikazitia. Nilikuwa na haraka na nilikuwa nacheka. Mkono sikuupitisha ndani ya pine.

Siku ya kufunga nilimwomba Mama Feza ashuke ili niinue gari. Akanijibu kwamba kushuka ni kazi moja na kupanda ni kazi mbili, niinue na yeye. Nikatia kriki mbili chini ya gari, nikainua pole pole, na Mama Feza amelala kitandani akawa ndiye pimamaji yangu. Upande wa kichwa ukiwa chini, alisema damu inaenda masikioni. Ukiwa juu, alisema ameanza kuteleza kwenda Kongolo. Sijapata tena kufanya kazi na chombo sahihi kama kile.

Magurudumu yalikaa. Gari likasimama juu, zuri, kama mbuzi aliyepanda kichuguu. Mwalimu akakata usukani kushoto, likalia krrr. Akakata kulia, krrr. Pine ilikuwa kubwa kuliko chumba chake, inakwaruza bati la juu na la pembeni. Nikakaza vyuma vya mbele vinavyobeba mwili wa gari, nyuma nikaongeza ulimi mmoja wa resori ya lori, kiisha nikachukua nyundo nikakunja kingo za bati kuelekea ndani. Kazi ya siku mbili. Mama Feza aliuliza kama ninapiga gari ao ninampiga yeye, maana yeye ndiye anayeumwa kichwa. Nikafunika nyundo kwa kitambaa. Akasema sasa inasikika kama mutu anatwanga muhogo kwenye ndoto.

Tulipojaribu gari, ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza rasmi. Mwalimu aliijua njia ya kutoka Kasongo kwa kilomita, tangu enzi zake za baiskeli, na alizijua kama majina ya wajomba zake. Tukafika daraja fulani, akatazama kompteri, ile saa ya kuhesabia kilomita, akasimamisha gari. Kompteri ilionyesha kilomita chache kuliko zilizopo. Akashuka akaitazama njia tuliyotoka, kama mtu aliyeangusha kitu. Alisema kwa upole kwamba daraja haliwezi kusogea. Nikamwambia sababu naijua, niliisoma jioni: gurudumu kubwa linazunguka mara chache, na kompteri inahesabu mizunguko, haijui ukubwa. Nikatoa chaki nikafanya hesabu ubavuni mwa gari, mistari mitatu mizima, nikaendelea mpaka chaki ikaisha. Jibu lilisema kwamba kadiri tunavyokwenda mbele ndivyo tunavyokaribia Kasongo. Mwalimu akalitazama muda mrefu, akanipa nne juu ya kumi, kwa ajili ya usafi.

Na milima je? Gari ambalo zamani lilipanda likiimba, sasa lilipanda likinung'unika, Mwalimu anarudisha gia, anarudisha tena. Nilielewa kwamba miguu mirefu inataka nguvu zaidi. Sikuelewa kwa nini sikulifikiri hilo kabla.

Tulianza safari siku ya tatu, Mwalimu kwenye usukani, mimi pembeni yake na vyombo vyangu, Mama Feza kitandani. Mimi nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona kazi yangu inatembea. Tulipofika lile tuta lililowashinda, gari likapita juu yake tumbo halijagusa hata jani. Mama Feza akapiga vigelegele peke yake. Nikajiona fundi mkubwa kuliko wote tangu gurudumu lilipozaliwa. Hali hiyo ilidumu mpaka saa nane za mchana.

Saa nane gurudumu la nyuma, kushoto, likalala. Nikalifungua, nikatafuta msumari, nikatafuta mwiba, nikatafuta jiwe. Hakuna. Kwenye shambere palikuwa na tundu dogo kama ncha ya sindano, na kando yake mpira umelika, umekuwa mwembamba, kama panya ameulamba wiki nzima. Alama ya chaki? Chaki yangu yote ilikuwa ubavuni mwa gari, kwenye ile hesabu ya nne juu ya kumi. Nikaziba, tukaenda. Asubuhi ya pili likalala la mbele, kulia. Hakuna msumari. Tundu lile lile la panya. Nikaziba. Kabla ya jua kuwa wima likalala la nyuma, kulia. Nikakaa chini njiani, shambere mapajani, nikaitazama kama mtu aliyeletewa barua kwa lugha asiyoijua.

Mwalimu alidhani misumari inaingia, inatoboa, kiisha inatoka na kujificha. Mimi nilidhani ni joto. Mtu aliyepita na baiskeli alituambia kwamba pine zilizozoea kuzunguka machimboni zinataka kurudi kule kule, ndiyo maana zinagoma kwenda Wamaza. Siku hiyo wazo hilo lilikuwa na akili kuliko langu. Nilichanganyikiwa mpaka nikalifungua lile gurudumu la nne ambalo halikuwa na shida yoyote, nikaitazama shambere yake, nzima, laini, nikalifunga tena nikiwa najua machache kuliko nilipoanza.

Na mpira mbichi ulikuwa unakwisha. Kilibaki kipande kimoja. Nyuma yetu, upande wa Lualaba, mawingu yalikuwa yamejaa, meusi, yamekaa chini.

Mwalimu aliyatazama mawingu, akanitazama mimi, akazungumza kwa sauti ya mtu anayefunga shule. Alisema tukigeuza sasa, kipande hicho kimoja kinaweza kutufikisha mahali penye watu. Tukienda mbele, tutakwama porini na mgonjwa, na mvua itatukuta hapo, na gari halitatoka mpaka ukame. Tugeuze. Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu.

Pazia likavutwa. Mama Feza alikuwa amejiinua kwa kiwiko. Tangu nimjue alimwita mume wake Mwalimu, kama sisi sote.

"Asani," akasema. "Miaka tisa ninatuma salamu. Yaya alinibeba mugongoni, hakunitumia salamu. Weye rudi kwa miguu yako, ni mizuri, haina pine. Mimi ninalala humu mpaka hii gari ikumbuke njia."

Mwalimu akageuka. Akatazama usukani. Kiisha Mama Feza akageukia upande wangu.

"Na weye, Kwado. Juu ya nini unaangalia nje, nje, nje? Nilivunjika nyonga, daktari hakupima gauni."

Nikachukua kipande cha kaa kwenye mbabula yake, nikafanya nilichofundishwa siku za kwanza kabisa za kazi, ambacho kwa siku mbili nilikuwa nakiruka. Nikachora alama kwenye pine mahali mdomo wa upepo unapotokea. Nikatoa shambere, nikaipanga juu ya pine, tundu likaniambia mahali. Mahali hapo, upande wa nje wa pine, mpira ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Basi nikaingiza mkono ndani, nikafumba macho, nikapapasa.

Nikagusa kitu kama ukucha.

Ilikuwa karatasi. Karatasi ndogo ngumu, ya mistari myeusi, iliyobandikwa ndani ya pine huko kiwandani. Joto limeinua kona yake, kona imekuwa kali, na shambere, kwa kila mzunguko kwenye mawe, ilikuwa inajisugua hapo. Nikaenda kwenye magurudumu mengine, nikafungua, nikapapasa: kila pine na karatasi yake. Ndipo akili iliponijia, pole pole, kama mgeni aliyepotea njia. Hizi pine zilikuwa za ile aina ya pine tupu ya kuku mwenye meno. Anayezitengeneza hakutazamia kwamba mtu ataweka kitu ndani, ndiyo maana karatasi aliiacha pale. Zilitembea machimboni bila shambere tangu mwanzo. Hakuna aliyeiba kitu Salamabila. Mwizi nilimtengeneza mimi, nikamcheka, nikamwekea shambere nne zikatwe.

Nikawaambia wote wawili kwamba kosa ni langu. Niliongeza kwamba ni la Mzee Abedi pia, Mungu amrehemu, lakini yeye hawezi kusukuma gari. Mwalimu alifungua kinywa atoe somo. Mama Feza akamtangulia.

"Inazibika, ao haizibiki?"

"Inazibika, Mama."

"Kiisha ziba."

Kuzitoa shambere na kutembea na pine tupu sikuweza: sikuwa na midomo ya upepo ya aina yake, na janti zilikwisha kukunjwa na mawe ya siku mbili. Kwa hiyo nikabandua karatasi kwa kisu cha jikoni, nikasugua gundi iliyobaki kwa jiwe mpaka ndani pakawa laini. Nikakata vipande kutoka shambere moja kuukuu niliyobeba ya kufungia mizigo, nikavilaza pale karatasi zilipokuwa, kama kitambaa chini ya ngata. Kilichobaki kilikuwa unga wa kupaka, ili shambere iteleze ndani isisuguliwe. Unga wa kazi uliniishia. Nikamwomba Mama Feza unga wa muhogo. Alitoa mfuko chini ya mto, akaniambia amekwisha kuona watu wanalisha kuku na wanalisha majini, lakini kulisha magurudumu anaona leo. Nichukue, ila nibakishe wa bugali ya Yaya. Nikapaka shambere zote nne mpaka mikono yangu ikafanana na ya mwenye kinu. Kipande cha mwisho cha mpira mbichi nikakipika kwa pistoni, Mwalimu akikinga upepo kwa shati lake.

Hapo niwaachie swali, vijana, labda ninyi mtalijibu. Lile gurudumu la nne, la mbele kushoto, lilikuwa na karatasi kama wenzake, kona imeinuka kama wenzake, limepita mawe yale yale. Shambere yake ilikuwa laini kama siku niliyoinunua. Nimefikiri sana. Nimemuuliza hata yule mwanangu wa hesabu. Mpaka leo sielewi.

Tukaenda. Sitadanganya kwamba sikusikiliza kila mlio. Nilisikiliza mpaka masikio yakachoka kuliko miguu. Mahali ambapo njia ya malori inaachana na ya Wamaza, ikabaki njia ya pikipiki, nyembamba, matawi yanapiga vioo. Watu wa mashamba ya kwanza walitusikia wakatoka na mapanga, wakauliza ni nani. Mwalimu akawaambia. Neno likatangulia mbele yetu kwa mguu, likafika upesi kuliko sisi, na kila tulipokwama tulikuta watu wamekwisha kufika, wengine wanakata miti midogo, wengine wanasukuma, mama mmoja anatuelekeza kwa kijiko cha mbao kama polisi wa mjini. Walikuwa watu elfu kumi. Haya, arobaini. Pine hazikulala.

Tukasimama mbele ya nyumba ya Yaya Nyota wakati matone ya kwanza yanaanza kupiga bati la gari. Wakaleta kiti ili Mama Feza ashukie. Mwalimu akafungua mlango wa nyuma, Mama Feza akawa anatafuta fimbo yake, kitenge kimemvuka bega. Ndipo Yaya Nyota akatoka nyumbani. Alikuwa mdogo wa mwili, amekauka, anashika ukuta, halafu anaacha ukuta. Akaja mpaka mlangoni pa gari, akatazama kile kitanda na yule aliyemo.

"Usishuke," akasema. "Nimekuja."

Mimi na Mwalimu tukamwinua. Alikuwa mwepesi kama mkeka mkavu. Akapanda kitandani kwa magoti, akalala ubavuni mwa mdogo wake, akamshika uso kwa viganja viwili.

"Feza. Mbona umenenepa hivi?"

"Ni kulala mu gari, Yaya."

Mkono ukatoka, ukavuta pazia.

Mvua ikaja yenyewe sasa, nzima, ile iliyotufuata tangu Lualaba. Watu wakakimbilia nyumbani. Mwalimu akabaki amesimama na kile kiti mikononi, hajui akiweke wapi, maji yanamtiririka usoni, na sikumtazama sana. Mimi sikujua niende wapi, nikachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, kulia, lile nililoliziba mwisho. Ndani mmoja wao akageuka kumsogelea mwenzake, kitanda kikalia, gari likainama upande wangu. Pine ikabonyea kidogo chini ya uzito wao. Nikaweka sikio. Nyuma ya bati walikuwa wanaongea wote wawili kwa pamoja, Kibangubangu cha haraka, hakuna anayemngoja mwenzake, na mimi sikuelewa hata neno moja. Upepo haukutoka.